Maji Ndani ya Ukuta wa Tatu

Bertha Linklater alipiga magoti mbele ya ukuta wa tatu, akasogeza pua na kuunusa.

"Mama mdogo, unafanya nini?" Marlene aliuliza nyuma yake. "Huo ni ukuta, si samaki."

"Samaki aliyeoza anajitaja mwenyewe. Ukuta mpaka ubembelezwe. Nyamaza nifanye kazi."

Marlene alinyamaza, ingawa kunyamaza hakukuwa fani yake. Tangu jana hakuwa amelala wala kutia kitu tumboni, na kijiji kizima cha Sharp Bend kilijua sababu.

Kibanda cha majaribio kilisimama peke yake mwisho wa kijiji, karibu na uwanja wa ndege, na kuta zake nne zilikuwa za aina nne. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa kwenye baridi ya mto Porcupine, kaskazini ya mbali, msimu mzima, ile baridi inayopasua miti ikalia kama bunduki, ili ijulikane ni ukuta gani unafaa kwa nyumba mpya za kijiji. Ndani hamkukaa mtu. Hita ilitoa joto, na kimashine cha mvuke kilipumua polepole kwenye kona badala ya baba, mama na watoto. Ndani ya kila ukuta mlikuwa na vipimo, na kila kipimo kilipeleka habari zake kwenye kompyuta ya Marlene.

Ukuta wa tatu ulikuwa wake. Marlene Josie alizaliwa hapo hapo kijijini, akaenda kusomea ujenzi mbali, akarudi na mchoro mkononi. Ukuta wa pili ulikuwa wa Trevor Pruitt, muuzaji aliyekuja na ndege kutoka kusini, na ulijazwa sponji ngumu ya kiwandani. Zile nyingine mbili hazikuwa na mwenyewe wa kuzitetea. Zilikwishashindwa kabla ya Krismasi.

Sasa mkaguzi wa nyumba, Bwana Gauthier, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu sikioni. Jana aliangalia rekodi na kusema ukuta wa tatu unakunywa maji. Angeondoka kesho asubuhi. Akiondoka na neno hilo, nyumba zote zitajengwa kwa sponji ya Trevor, na mchoro wa Marlene utakwenda kuwashia jiko. Mama yake, Bi Harriet, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kupewa nyumba, maana chumba chake cha kulala kilikuwa na ukungu mweusi uliopanda kutoka sakafuni mpaka dirishani.

"Mimi sina ugomvi na mtu," Gauthier alisema. "Ukuta wa tatu una maji ndani. Ukuta wa pili hauna. Mnataka nifanyeje?"

"Nataka unishikie tochi," Bertha alimjibu.

Gauthier akashika. Bertha alikuwa polisi miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani, na watu walimtii kabla hawajajiuliza kwa nini. Siku hizi halmashauri ya kijiji ilimpa kesi za nyavu zilizopotea na petroli iliyonyonywa. Kesi ya ukuta ilikuwa ya kwanza, na hakuficha kwamba ilimfurahisha sana.

"Mwanga uje huku. Juu kidogo. Aha."

Kwenye plaiwudi, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, kulikuwa na tundu. Dogo, la mviringo, lenye kingo safi. Bertha aliingiza kijiti cha kiberiti, kikazama chote.

"Msumari," alisema. "Uliingia, ukakaa, ukatolewa. Marlene, nyuma ya plaiwudi kuna nini?"

"Nailoni. Ndiyo inayozuia mvuke wa ndani usiingie ukutani." Sauti ya Marlene ilipanda. "Nani kapiga msumari kwenye nailoni yangu?"

"Ndiyo maana nimeitwa."

Marlene aligeuka taratibu, akamtazama Trevor. Trevor alikuwa ameuegemea ukuta wake wa pili, amejaa tele, kofia ya manyoya imemfunika mpaka nyusi.

"Usinitazame hivyo, dada," Trevor alisema. "Mimi nauza kuta. Sitoboi za watu."

"Una ufunguo," Bertha alisema bila kugeuka.

"Ninao. Na mkaguzi anao. Na huyo bibiye anao."

"Inua mguu."

"Nini?"

"Mguu, Trevor. Kama farasi."

Trevor aliinua mguu huku akicheka. Chini ya kiatu chake mlikuwa na meno ya chuma ya kuzuia kuteleza kwenye barafu. Bertha alimulika sakafu. Karibu na mlango kulikuwa na mikwaruzo ya meno hayo hayo, mibichi, ya leo. Lakini katikati ya chumba sakafu ilikuwa inang'aa, imesuguliwa ikawa laini kama meza ya kanisa, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ungekuwa wewe," Bertha alisema, "sakafu hii ingekuwa imechanwachanwa. Aliyeingia humu alivaa viatu vya ngozi laini. Tena hakuingia mara moja. Shusha mguu, umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Umeshinda kutoshukiwa. Kwa muuzaji hiyo ni zawadi kubwa."

Hata Gauthier alitabasamu. Bertha alirudi magotini. Chini ya lile tundu, kwenye ufa kati ya ukuta na sakafu, kulikuwa na unga mweupe uliomwagika kidogo kidogo. Gauthier alisema ni vumbi la plaiwudi. Trevor alisema pengine ni kitu ambacho polisi wanakijua zaidi. Bertha alichovya kidole, akausugua karibu na pua. Ulinata. Ulinuka msonobari.

Aliufuta mkono kwenye suruali na kuomba kuiona ile kompyuta.

Mchoro wa maji ya ukuta wa tatu ulikuwa mstari uliotulia, kisha unaruka juu, kisha unashuka, kisha unaruka tena. Bertha aliufuata kwa kidole. Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Ijumaa. Kila mara jioni, tangu katikati ya Januari.

"Mama mdogo, na mimi niliona," Marlene alisema. "Nilidhani kimashine cha mvuke kina kichaa. Nimekifungua mara mbili."

"Jumanne na Ijumaa jioni, wewe unakuwa wapi?"

"Kwenye bingo ya redio, kama kila mtu! Nipo stesheni, nampokelea Ernie, mtangazaji, simu za washindi."

"Kama kila mtu," Bertha alirudia.

Ilikuwa kweli. Jioni hizo mbili Sharp Bend ilijifungia ndani na karatasi za namba, kila mtu akisubiri namba zake zisomwe, redio imewekwa katikati ya meza, na hata mbwa walijua wasibweke. Mtu angeweza kuhamisha nyumba nzima barabarani asionekane. Bertha alifunga koti lake mpaka kidevuni.

"Msitoke mpaka nirudi," alisema. "Bwana Gauthier, usiandike kitu."

"Nisubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nimalize kunywa chai."

Nje jua la Machi lilikuwa kali juu ya theluji na baridi ilikamata pua papo hapo. Bertha alitembea haraka, roho nyeupe, akicheka peke yake chini ya skafu. Alikuwa anajua anakokwenda, na hilo ndilo lililomchekesha.

Bi Harriet Josie, mama yake Marlene, alikuwa jikoni anakanda mkate wa kukaanga. Mezani aliketi Amos Bruce, mzee mwembamba ambaye vidole vyake havikutulia, akigonga kikombe taratibu kama anayepiga wimbo usiosikika.

"Karibu, Bertha wewe," Harriet alisema. "Chai ipo. Vipi ukuta wa mwanangu?"

"Mgonjwa, dada. Nauguza." Bertha alijimiminia. Harriet alikuwa binti wa mama yake mkubwa, na walikuwa wakitaniana tangu hawajaota meno. "Hebu nisaidie. Ile Ijumaa ya baridi kali, pikipiki za theluji zote zilipogoma kuwaka, jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ningekuwa wapi, na goti hili la chuma nililopachikwa hospitali? Nilikaa kiti hicho hicho, nacheza bingo."

"Ulipata?"

"Acha tu! Nilibakiza namba moja. Moja! Mara mwenzangu kapiga simu. Karatasi nikaitupa motoni."

"Na wewe, Amos?"

"Nilikuwepo," Amos alisema. "Nilimwona alivyokasirika. Nusura aitupe na redio."

"Ernie alisoma namba vizuri?"

"Kama kawaida yake," Harriet alidakia. "Anaburuta maneno utadhani anavuta gogo."

Bertha alikoroga chai yake, akakoroga tena.

"Ajabu," alisema. "Maana Ijumaa ile Ernie alikuwa na mafua, hana sauti hata ya kumfukuza mbwa. Bingo haikuchezwa. Redio ilipiga nyimbo za kanisani jioni nzima. Mimi nilikaa na karatasi zangu mezani, kalamu mkononi, nikiitikia haleluya kwa hasira."

Mafuta yalichemka kwenye kikaango. Hakuna aliyeyageukia.

"Nilikwambia tuseme tulikuwa tunacheza karata," Amos alisema.

"Amos, funga mdomo!"

"Ana unga wa fidla kwenye suruali, Harriet. Mtazame. Amekwishajua huyu."

Bertha alijitazama. Kweli, pale alipofuta kidole palikuwa na alama nyeupe, ule utomvu mkavu wa msonobari ambao Amos aliusugua kwenye upinde wake wa fidla. Akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika.

"Semeni basi. Mlikuwa wangapi?"

Walikuwa wanane, na Amos wa tisa na fidla yake, maana ngoma ya zamani haichezwi pungufu ya jozi nne. Wote wazee. Harriet alitaka kucheza kwenye mashindano ya Pasaka, mara moja tu, kabla goti jingine halijaanza ukorofi. Daktari alisema atembee polepole. Marlene alisikia neno la daktari, akalifanya sheria: Mama hachezi, Mama hapandi ngazi, Mama akae. Ufunguo wa Marlene wa kibanda ulining'inia hapo hapo mlangoni. Ukumbi wa kijiji ulikuwa na baridi na madirisha, wakati kibanda kilikuwa na joto na kuta nene.

"Nene ajabu," Amos alisema kwa heshima. "Napiga fidla kwa nguvu zangu zote, ukisimama nje husikii hata nzi."

"Na chai mlichemsha?"

"Tutacheza bila chai?"

"Na msumari?"

"Wa fidla," Amos alisema. "Huwezi kuilaza sakafuni, inaingia baridi. Ukiiweka kitini, mtu anaikalia. Marehemu kaka yangu alikaliwa fidla mbili."

Harriet alikuwa ameacha kukanda. "Bertha. Kwani msumari una nini?"

Bertha alimweleza, bila kupamba. Wachezaji wanane wanatoa jasho, birika linafuka, makoti yenye theluji yanayeyuka, na mvuke wote huo unatafuta tundu la kupenyea. Ukuta wa Marlene ndio uliotobolewa. Kesho asubuhi mkaguzi ataandika kwamba umeshindwa.

Rangi ilimtoka Harriet usoni. Alikaa chini na unga wake mikononi, akaanza kulia kama mtoto, bila kujificha.

"Nimemharibia mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe. Kwa kucheza."

"Bado," Bertha alisema. "Nimeiona ile michoro, dada. Ukuta unaruka juu kila mkicheza. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini kila mara unashuka. Osha mikono. Amos, chukua fidla."

Marlene alipomwona mama yake akiingia kibandani na viatu vyake vya ngozi, na Amos nyuma yake amekumbatia sanduku la fidla, hakuhitaji kuambiwa mengi. Bertha alimwambia hata hivyo, hatua kwa hatua, mbele ya mkaguzi, kama alivyozoea mahakamani.

"Mama," Marlene alisema. "Ulikuwa unacheza. Na goti."

"Goti halikuuma."

"Mama!"

"Liliuma kidogo. Ukuta wako uliniuma zaidi, nilipoambiwa leo. Nisamehe, mwanangu."

Marlene alimgeukia Gauthier. "Umesikia? Ni msumari. Ukuta hauna kosa."

Gauthier alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuona kwanza. "Nimesikia hadithi nzuri sana," alisema. "Lakini hadithi haikaushi ukuta. Nitajuaje kwamba maji yale ni ya ngoma? Na watu wakihamia humo, si watapiga misumari? Watatundika picha, bunduki, kalenda. Ukuta unaokufa kwa msumari mmoja sina haja nao."

"Wangu haufi!" Marlene alisema. "Sehemu kubwa ya insulesheni, ule ujazo wa kuzuia baridi, nimeiweka nje ya nailoni. Joto linafika mpaka kwenye mbao, maji hayapati pa kugandia. Yanaingia, kisha yanatoka."

"Unasema wewe."

"Basi turudie kosa," Bertha alisema. "Mbele ya shahidi. Nilifanya hivyo na wezi, nitashindwa na ukuta? Amos, rudisha msumari pale pale. Na Trevor, wewe unauamini ukuta wako?"

"Kama mama yangu mzazi."

"Nao upigwe msumari?"

Watu wote walimtazama. Trevor alimtazama Bertha, akautazama ukuta wake mzuri mweupe, kisha akavua kofia na kuomba nyundo.

"Nipigilie mwenyewe," alisema. "Nisije nikasema nimeonewa."

Habari zilifika kijijini kabla nyundo haijatua. Walikuja kwa miguu na kwa pikipiki za theluji, na sufuria za mchuzi wa kulungu, na wale wazee wengine saba wakiwa na nyuso za waliokamatwa. Wengine walibanana kando ya kuta, wengine wakagombania mlango. Amos alisugua upinde, akaikandamiza fidla kifuani, mguu wake ukaanza kugonga sakafu.

Bi Harriet aliingia katikati. Alianza kwa tahadhari, kama anayejaribu barafu ya Oktoba. Kisha fidla ikapanda, na miguu ikamkumbuka. Mwili ulibaki umetulia, mikono pembeni, lakini chini ya sketi ile miguu iligonga na kuchezacheza upesi hata Gauthier akasimama juu ya ndoo yake ili aione vizuri. Bertha alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Trevor aliingizwa katika jozi ya nne mzee mmoja alipoishiwa pumzi, akakanyaga kila mtu, akaomba radhi kwa kila mtu, akakataa kutoka.

"Unapanda!" Marlene alipaza sauti kutoka kwenye kompyuta. "Wa tatu unapanda! Na wa pili!"

Watu walishangilia. Hakuna kijiji kilichowahi kushangilia ukuta kulowa kama kilivyoshangilia Sharp Bend mchana ule. Amos aliongeza kasi. Miwani ya wazee ilikuwa imefunikwa na ukungu, birika likifuka, mchuzi ukinukia, makoti yakidondosha maji. Mistari miwili kwenye kompyuta ilipanda pamoja mpaka Gauthier akashuka kwenye ndoo, akautazama mchoro, akakubali kwamba ndiyo, hii ndiyo ruka-ruka ile ile ya Jumanne na Ijumaa.

"La kwanza limekwisha," alisema, akijifuta jasho. "La pili tutaliona asubuhi."

Asubuhi kulikuwa na anga safi, na rubani alikuwa tayari anapasha injini moto uwanjani. Walikutana kibandani watu sita tu: Bertha, Marlene, mama yake, Amos, Trevor na mkaguzi. Marlene alisimama mbali na kompyuta, mikono mifukoni. Hakuweza kutazama. Bertha naye, ambaye aliwahi kusubiri hukumu za wauaji bila kutetereka, alikuwa akifunga na kufungua kifungo kimoja cha koti.

Gauthier alisoma skrini. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini skrini peke yake, aliomba msumeno mdogo. Alikata kipande cha plaiwudi kuzunguka tundu la ukuta wa pili, akaingiza vidole nyuma ya nailoni. Vilitoka na punje za barafu.

"Maji yamebanwa," Trevor alisema kwa sauti ya chini. "Sponji haiyaachii."

"Hayana pa kutokea," Gauthier alikubali.

Akahamia ukuta wa tatu. Akakata. Akaingiza mkono mzima, akapapasa mbao, akapapasa juu, akapapasa chini. Alikawia. Kisha akautoa mkono, akautazama, akausugua kwenye shavu lake mwenyewe.

"Mkavu," alisema. "Tangu jana mchana, na baridi hii. Mkavu." Akachukua kalamu sikioni. "Binti Josie, nimekagua kuta miaka mingi, na zote zilipumuliwa na mashine. Huu ndio wa kwanza kujaribiwa na watu. Nyumba zitajengwa kwa huu."

Amos alipiga yowe. Trevor alimpa Marlene mkono, kisha akamuuliza kama kampuni yake inaweza kuununua mchoro, na Bertha akamwambia angoje angalau ndege ipae. Marlene mwenyewe alikuwa bado amesimama pale pale, machozi yanamtiririka, anacheka. Bi Harriet alibaki mlangoni. Tangu jana bintiye hakuwa amemsemesha zaidi ya kumuuliza kama anataka barafu ya kukandia goti, na hakujua kama anaruhusiwa kusogea.

Marlene alifuta uso kwa mkono wa koti.

"Mama," alisema. "Ile nyumba yako. Sebule niliichora ndogo, ili joto lisipotee."

"Ndogo inatosha, mwanangu. Mimi ni mtu mmoja."

"Hapana. Naichora upya leo." Akamshika mkono. "Jozi nne zinahitaji nafasi kiasi gani?"

Bi Harriet alimvuta bintiye mpaka katikati ya kibanda, akaanza kumwonyesha, akipima sakafu kwa miguu yake.